Kamba ya Ndama Asiyekuwepo

Kaa hapo, wewe unayenisikiliza, wala usione haya. Mimi ni mshonaji. Nimepima viuno na vifua vya watu tangu usichana wangu, na sijaona bado sehemu ya mwili ambayo lazima izungumzwe kwa kunong'ona. Nitakueleza jambo ambalo watu huniuliza wakiwa wameshaaga, mkono mmoja mlangoni: mtu na mwenziwe wakikubaliana, nyumbani kwao, mmoja amfunge mwenzake mikono kwa raha yao wenyewe, wafunge kwa kitu gani? Jibu ninalo. Nililipata kwa kero tupu, na nusura nililipie kwa mkono wa mume wangu.

Mume wangu alikuwa mfungaji wa mizigo pale sokoni Tukuyu. Lori la ndizi likishajaa, lazima mtu apande juu, avute kamba, akanyage mikungu na kupiga fundo ambalo halitalegea mpaka Dar es Salaam. Mtu huyo alikuwa yeye. Madereva walimgombania. Sasa fikiria: mtu anayefunga tangu alfajiri mpaka jioni, na kila lori likipinduka njiani yeye ndiye anayeulizwa. Siku moja nilikuwa namenya ndizi, yeye amekaa kwenye kigoda anaitazama sufuria kama vile ndiyo anayozungumza nayo.

"Nataka siku moja unifunge mikono," akasema.

"Umenikosea nini?"

"Sijakukosea. Nadhani nitapenda tu."

"Upende kufungwa? Kama jogoo anayepelekwa sokoni?"

"Kama mtu ambaye kwa saa moja hana la kufanya," akasema. "Hakuna anayemngoja apande juu ya kitu."

Sikucheka. Nilikaa nalo siku tatu, nikiwa kwenye cherehani, nikalikuta halinichukizi. Siku ya tatu nikamwambia nimekubali, ila siku nikisema sitaki, iwe sitaki, wala asininunie. Naye akasema akisema fungua, nifungue papo hapo, nisimwulize kwa nini. Mpaka hapo tulikuwa watu wazima wenye akili. Ujinga ulianza tulipotafuta cha kufungia.

Uelewe ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Sisi tuliokuwa tumezoea duka lenye kiberiti kimoja na mwenye duka anayesinzia, tulishangaa ghafla kila kitu kipo. Marobota ya mitumba yalifunguliwa barabarani, ndoo za plastiki zilipangwa mpaka darini, kamba za kila rangi zilining'inia. Kila kitu kipo, ila hicho unachokitaka wewe hakikutengenezwa, na huwezi kumwuliza mtu.

Tukaanza na vya nyumbani. Khanga ilikuwa laini, kweli, lakini ukiivuta inajisokota inakuwa nyembamba kama utambi, na fundo lake linakuwa dogo na gumu kama kokwa. Nilitumia meno kulifungua. Kamba ya mgomba, ile tunayofungia kuni, ilikatika alipopiga chafya. Katani ilimwacha na vipele kama aliyelala kwenye upupu, akaenda kazini na shati la mikono mirefu jua likiwaka. Kisha akaleta, kwa furaha yake mwenyewe, ukanda wa mpira wa baiskeli. Nikamwambia, baba, mpira unavutika halafu unarudi, utakubana. Akasema yeye ndiye anayejua kufunga. Ulimbana. Uling'oa na vinywele vya mkononi wakati wa kutoka, na kilio alichotoa nadhani mtaa wetu wote wa Ibighi ulikisikia.

Ungedhani hapo atanisikiliza. Mimi niliyeshika vitambaa miaka yote, ninayejua nguo ipi inakata kwapa na ipi haikati! Wapi. Alirudi jioni macho yanang'aa.

"Manila," akasema. "Ile ya bluu. Haiozi, haikatiki, haiwashi."

"Ni nyembamba na inateleza."

"Ndiyo maana kuna fundo la lori. Nitakufundisha."

Nami nikajifunza. Ni fundo zuri, silidharau. Mzigo wa ndizi ukiwa safarini hukaa, hushuka, na kamba inalegea. Fundo lile linaumeza ule ulegevu na haliurudishi. Kila mzigo unapotikisika, lenyewe linakaza. Nilikariri nikilipiga kwenye mguu wa cherehani, na Mungu anisamehe, nilijisifu. Hata mara moja sikujiuliza linafanya nini likiwa kwenye mkono wa mtu anayejigeuza.

Kamba yenyewe alinituma mimi. Yeye, eti, kila mtu sokoni angeshangaa ananunua kamba kwa fedha yake. Mwenye duka alikuwa Mwislamu mmoja mchangamfu, wazee wake walitoka pwani, na aliuza kila kitu kuanzia misumari hadi udi. Kosa lake lilikuwa moja: alipenda kusaidia.

"Fundi, karibu. Manila? Unafunga nini?"

Sikuwa nimejiandaa. "Ndama," nikasema.

"Mashaallah! Mmenunua ng'ombe? Jike au dume?"

"Jike."

"Basi chukua hii nene zaidi, ndama ana nguvu."

"Huyu ni mdogo."

"Mdogo kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole unene wa kifundo cha mkono. Akanitazama.

"Hiyo ndiyo shingo?"

"Mguu," nikasema. "Namfunga mguu."

Akakata kamba polepole, akisikitika kwa ajili ya ndama huyo. Na toka siku ile sikupita dukani kwake bila kuulizwa: ndama hajambo? Anakula? Ameanza kunenepa? Nilijibu. Uongo nao hulishwa. Nikaupa rangi nyeusi na baka jeupe kwenye paji la uso.

Sasa nikueleze jambo la kwetu, maana bila hilo hutaelewa kilichofuata. Sisi Wanyakyusa, mke hakutani na baba mkwe wake. Tunaita ukutila. Humtaji jina, humtazami usoni. Akitokea njiani unaingia migombani mpaka apite, akija nyumbani unatokea nyuma. Wengi mjini walikuwa wamelegeza, na kanisani watu walikaa benchi moja na wakwe zao. Baba mkwe wangu, mzee wa Mpuguso, hakulegeza. Nami sikulegeza, maana niliona ni heshima na haikunigharimu kitu. Miaka kumi na miwili ya ndoa nilimjua kwa kikohozi chake na mlio wa fimbo yake.

Na mzee huyo, kama wazee wengi wa kwetu, alipenda ng'ombe kuliko kitu chochote chenye miguu. Unadhani habari kwamba mwanawe amepata ndama jike, mweusi mwenye baka jeupe, itakaa dukani Tukuyu isifike Mpuguso?

Ilikuwa Jumamosi mchana. Watoto walikuwa shule ya bweni, mvua ilikuwa ikipiga bati kwa namna ambayo hapa kwetu inaweza kuendelea wiki nzima bila kuchoka. Tulifunga mlango. Nikamfunga mume wangu mikono yote miwili mchagoni mwa kitanda kwa manila ya bluu na fundo la lori, yeye akinielekeza kama niko juu ya mzigo: vuta, pitisha, kaza. Kisha akanyamaza, akashusha pumzi, na uso wake ukalegea kama sikuwahi kuuona. Nikasema moyoni, kumbe.

Ndipo nikasikia kikohozi. Halafu fimbo, mara mbili, kwenye jiwe la mlangoni.

Nikwambie ukweli: sikufikiri. Miguu yangu ilifundishwa kukimbia sauti ile kabla kichwa changu hakijaulizwa maoni. Nilijikuta nje ya mlango wa nyuma, nimeinama katikati ya migomba, maji yanatiririka mgongoni, na mkasi wangu wa kushonea uko mfukoni mwa aproni. Nilikuwa nimeuweka hapo mwenyewe, kwa usalama.

Nikajipa moyo. Mzee ataita, ataona kimya, ataondoka. Akaita jina la mwanawe. Kimya. Akaita tena.

"Nipo, Tata!" mume wangu akajibu kutoka ndani, mjinga yule, kwa sababu baba akiita unaitika.

"Toka basi."

"Nakuja, Tata."

"Unakuja lini? Mvua inanipiga."

"Nakuja!"

Nikajua anavuta. Nikajua na fundo linafanya nini. Nikasogea ili nirudi ndani kwa mlango wa nyuma, na hapo nikaiona ncha ya fimbo inazunguka kona ya nyumba. Mzee alikuwa amechoka kungoja, amekuja mwenyewe nyuma kumtafuta ndama bandani. Akasimama chini ya upenu, hatua mbili kutoka mlangoni, mkononi ana kifurushi cha jani la mgomba. Alichungulia banda. Mlikuwa na kuni. Akachungulia tena, kama mtu anayedhani macho yake yanamdanganya.

Sijui nilikaa hapo muda gani. Nilihesabu pumzi zangu, nikapotea, nikaanza tena. Kutoka ndani nilisikia kitanda kinalia, halafu hakilii. Kitanda kulia kulinitia aibu. Kunyamaza kulinitia hofu. Mkono ule ndio uliotusomeshea watoto. Kwa mkono ule alikuwa akinifungia vifungo vya nyuma ya gauni Jumapili asubuhi, vidole vinene vile, bila kukosea hata kimoja. Na mimi nimechuchumaa kwenye matope nikimheshimu baba yake.

Nikavuta khanga nikajifunika uso wote, nikakimbia. Nilipita mbele yake karibu kiasi cha kusikia harufu ya tumbaku. Naye, Mungu amrehemu, alipoona nakuja aligeukia ukuta, akaweka kofia usoni, akasimama hivyo kama mtoto anayecheza kibe.

Mume wangu alikuwa amekaa upande, rangi imemtoka. Mkono wa kushoto ulikuwa umepata nafasi kidogo. Wa kulia kamba ilikuwa imezama, na vidole vilikuwa rangi ya zambarau mbivu.

"Unauma?" nikauliza.

"Siusikii," akasema. Angepiga kelele ningefurahi.

Mkasi wa kitambaa hauipendi manila. Uliteleza, ukatafuna, ukateleza, na ncha yake kali ikamchoma kidogo karibu na mshipa. Kovu lake lipo hadi leo. Nilipozikata nyuzi za mwisho alikuwa ananiambia pole, mimi namwambia nyamaza.

Akavaa koti akatoka kwa baba yake, mkono wa kulia mfukoni. Mimi nilibaki nyuma ya ukuta, nikisikiliza.

"Ndaga, Tata."

"Mkono mfukoni mbele ya baba yako? Mjini ndivyo mnavyosalimia?"

Nadhani aliutoa.

"Kamba gani hiyo imekufanya hivyo?"

"Ya lori, Tata."

"Lori lipo chumbani?"

Mzee mwenyewe akaacha swali hilo lipite.

"Ndama yuko wapi?"

"Amekufa."

"Alikuwa jike."

"Alikuwa jike."

"Ee." Nilimsikia akishusha kile kifurushi. "Nilimletea chumvi."

Hapo ndipo nililia, nikiwa nimeshika manila ya bluu mkononi, nikimlilia ndama ambaye nilimbuni mwenyewe.

Mzee akasogea karibu na ukuta. Kwetu, mkwe akiwa na neno kwa mkwe, huusemesha ukuta. Akasema, "Mwambie huyo aliyepita kwamba sikuona mtu. Nyumba ikiungua, kila mtu hupita. Lakini mwambie na hili, mkipata ndama mwingine. Kiumbe chenye damu hakifungwi kwa kitu chembamba. Tafuteni kitu kipana. Mkishafunga, pitisheni vidole viwili kati ya kamba na ngozi, visipopita, fungua. Na mtu asimfunge mnyama kisha akaenda zake. Huyo wenu bila shaka alijinyonga peke yake."

Robota zima la kamba, mwenye duka, mfungaji hodari wa Tukuyu, na mimi fundi wa nguo. Aliyejua jibu ni mzee aliyesimama mvuani na chumvi ya mnyama hewa.

Mkono haukurudi upesi. Kiganja kilipata joto jioni ile, lakini kidole gumba na cha pili vilibaki na ganzi. Wiki ya kwanza aliangusha kikombe. Wiki ya pili mtu mwingine alipanda juu ya malori, na mume wangu alisimama chini akielekeza, na madereva wakamwita bosi kwa dhihaka. "Bosi, fundo lako limestaafu?" Hospitali walitwambia mshipa wa fahamu umebanwa, tusubiri. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na yeye kwa ubishi wake, na kamba, na mimi mwenyewe zaidi. Mwenye duka aliponiona akaweka mkono kifuani.

"Fundi, pole kwa ndama. Nimesikia. Kamba yangu?"

"Si kosa lako."

"Sasa hivi nina minyororo, imeingia jana. Haijinyongi hiyo."

Nikaenda zangu kabla sijamwambia neno baya mtu mwema.

Usiku mmoja mume wangu aliuliza, "Tuache?" Nikamwambia sijui, kwanza nifungie vifungo. Hakuweza. Tukalala. Jumapili ya nne, nimevaa gauni langu la kanisani, nikasikia vidole mgongoni. Kimoja. Cha pili. Alikosea cha tatu, akatukana kimyakimya, akarudia. Alipofika cha juu kabisa sote wawili tulikuwa tumechelewa ibada, na hakuna aliyejali.

"Basi hatuachi," nikamwambia. "Ila kuanzia leo, wa kuchagua ni mimi."

Alikubali, halafu wiki hiyohiyo akaja na pingu za chuma kutoka Mbeya, za bandia, na kifunguo kidogo kama kijiti cha meno. Nilimwuliza kifunguo kikianguka chini ya kitanda tutafanya nini. Akafikiri. Akasema tutatumia tindo. Nikazitundika kwenye msumari bandani, hadi leo zinafungia mlango wa kuku.

Niliingia kwenye mitumba. Nilipekua nusu siku, wenzangu wanagombania sketi, mimi nashika mikono ya makoti. Mkanda wa ngozi niliuacha, kingo zake zilikuwa kali. Tai niliiacha, ni nzuri kutazama, lakini inajisokota kama khanga. Nilichukua koti zito la sufu na koti la michezo la mtoto lenye ule utepe wa kunata, unaong'oka kwa kelele kama kitambaa kinachochanika. Nikakata vipande vyenye upana wa vidole vinne, nikatia sufu ndani iwe mto, nikaweka bitana ya flana upande wa ngozi, nikashona mshono bapa usiokwaruza. Juu nikaweka utepe wa kunata, ukivutwa unafunguka kwa mkono mmoja hata usiku, hata ukiwa na hofu. Pete ya chuma nikaishona kwenye ukanda mwingine, wa nje, ili mkono ukivutwa nguvu iishie kwenye kitambaa na isikaze chochote. Nilijivisha mwenyewe kwanza. Nikavuta, nikajipindua, nikakaa navyo hadi wali ukaiva. Kisha nikamvisha yeye.

Na neno tulichagua. Zamani ilikuwa aseme fungua, lakini fungua watu husema hata wakicheka. Tukachukua neno ambalo halimtoki mtu chumbani kwa bahati mbaya. Tukachukua chumvi. Akilitamka yeye au mimi, kila kitu kinafunguliwa, na maswali baadaye. Akiwa amefungwa naangalia vidole, navigusa, namwambia avikunje. Vikiwa baridi, vikibadilika rangi, akisema vinachomachoma, nafungua hata kama yeye anasema bado.

Baba mkwe alifariki miaka kadhaa baadaye, bila mimi kuwahi kumwona uso. Mwaka mmoja kabla, tulinunua ndama kweli, mweusi, jike, bila baka. Mzee alikuja kumwona, mimi nikiwa migombani. Nikaona vidole vyake viwili vikipita chini ya ukanda wa shingoni, mpana, wenye bitana ya flana, akaguna.

"Huyu amefungwa na mtu mwenye akili," akasema.

Basi ukirudi nyumbani usianze na kamba. Chukua mkasi wenye ncha butu, uujaribu kwanza kwenye kile utakachofungia uone unakata, kisha uuweke juu ya stuli kando ya kitanda, si mfukoni mwako. Na ukishamfunga mwenzio, yeyote atakayebisha hodi, usitoke chumbani mpaka umfungue.